Mita Sabini na Moja Nilizozinyamazia

Sifa zote ni zake Mungu, aliyezitandaza mbingu bila ngazi wala kamba ya kupimia, na ambaye ameniacha hadi leo nikiwa na macho yanayosoma na mkono unaoandika. Namshukuru kwa wiki nyingine, kwa mvua iliyoanza kunyesha upande wetu wa Bungoma, na kwa nyinyi wasomaji ambao mmenivumilia katika safu hii kwa miaka mingi. Natanguliza shukrani hizo kwa sababu yanayofuata hayana utamu, na sitaki mtu adhani kwamba nimeacha kumshukuru Muumba wangu. Uchungu nilio nao leo haukutoka kwake. Tuliutengeneza sisi wenyewe, na sehemu kubwa niliitengeneza mimi.

Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, nilipigiwa simu na mke wa mwalimu mmoja wa sayansi wa Kamukuywa. "Mulembe, Mzee," alisema, kama tunavyosalimiana kwetu kwa kutakiana amani. Nikamjibu kwa heshima ya mama, "Mulembe, Mayi. Kwema huko?" Akasema, "Si kwema. Mwalimu ametuacha. Amelala hospitali siku tatu tu, akaenda." Nilimpa pole nikatafuta maneno ya Maandiko ya kumfariji, na kwa kuwa nimeyasema mara nyingi katika maisha yangu, yalikuja upesi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema bila ukali wowote, "Hata juzi alikuwa anakutaja. Ati uko karibu kuandika." Sikumuuliza kuandika nini. Nilijua.

Sikuwa rafiki yake wa kuingia hadi jikoni. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa shule, naye alikuwa mwalimu katika shule ya kutwa ambayo nilizoea kuikagua, na baadaye tukajikuta tunasali katika kanisa moja. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kosa moja ambalo watu hawakumsamehe: alipenda kujua kitu ni kiasi gani hasa. Akienda kununua nyanya angesimama akingoja sindano ya mizani itulie kabisa kabla ya kusema sawa, na akina mama wa soko wangemcheka, "Mwalimu, nyanya zitaoza ukiangalia mizani!" Naye angecheka pamoja nao, lakini angengoja. Nimekutana na walimu wengi wenye elimu kubwa kuliko yake. Sikukutana na mwingine aliyeona haya kusema tarakimu ambayo hakuihakikisha.

Mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi ng'ambo alimtumia chombo kidogo kinachoitwa altimita. Chombo hicho hakizidi kidole gumba. Ni kibao chembamba chenye nyaya na betri ya ukubwa wa kifungo cha shati, na kazi yake ni kupima jinsi hewa inavyopungua uzito kadiri unavyopanda juu. Yeyote aliyesafiri kutoka Bungoma hadi Kitale anajua jambo hilo kwa masikio yake, maana huziba njiani na kuzibuka ghafla. Altimita inasikia hayo hayo, ila yenyewe inaweza kuhesabu. Ukiiwasha ikiwa chini, inaihesabu ardhi uliposimama kuwa sifuri. Ukiirusha juu na kuishusha, inataja kimo ilichofika kwa milio: kama ni ishirini na tatu, italia mara mbili, itapumzika kidogo, kisha italia mara tatu. Mwalimu aliitaka kwa sababu ya chama cha wanafunzi wake ambao walikuwa wakirusha roketi za chupa za soda. Walitia maji kiasi, wakajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, wakaiachilia. Kila walipoirusha walibishana imefika wapi, na alichoka na ubishi ambao hauna mwisho.

Lakini hakuiamini hivi hivi. Alitaka kwanza kuijaribu mahali ambapo urefu ungeweza kupimwa kwa futi kamba, na ndivyo alivyofika kwenye mnara wa kengele wa kanisa letu, uliokuwa ukimaliziwa kujengwa. Nilikuwepo. Fundi mmoja aliyekuwa juu ya jukwaa la mbao alimwona akipanda na kile kibao akamwita, "Mwalimu, hiyo redio ndogo inashika stesheni gani?" Mwalimu akamjibu kwamba inapima hewa. "Ati hewa? Hewa si ni ya bure, sasa inapimwa ya nini?" Mafundi wakacheka hadi mmoja akaangusha mwiko. Aliteremsha futi kamba kutoka juu, akaandika, kisha akashuka na altimita akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa ya zamani. Mlio mmoja, kimya, milio miwili. Kumi na mbili. Futi kamba nayo ilisema mita kumi na mbili na kidogo. Uso wake ulijaa furaha. Baada ya hapo akanivuta kando na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo dogo: mnara huo ulikuwa futi arobaini na moja, na mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, nilikuwa nimewatangazia waumini kwamba ni futi sitini, kama mkuu wa mafundi alivyotuambia. Nikamwambia, "Watu wameifurahia sitini, Mwalimu. Tuwaache kwanza na furaha yao, tutarekebisha baadaye." Akanitazama kwa heshima. "Haya, Mzee. Lakini mimi nikiulizwa, nitasema." Hakuna aliyemuuliza. Nami sikurekebisha.

Sasa nifike Kitale. Miaka mitatu iliyopita shule kadhaa za Bungoma na Trans-Nzoia zilikutana huko kwa mashindano ya roketi za chupa, na niliombwa niwe mwenyekiti wa waamuzi. Sikuwa na ujuzi wowote wa mambo hayo. Nilikuwa na mvi, suti, na sauti ya kufungua shughuli kwa maombi, na kwetu hizo zinatosha kumfanya mtu mwenyekiti wa chochote. Pamoja nami alikuwapo ofisa mmoja wa elimu wa pale, mtu mchangamfu mwenye haraka, na mwamuzi wa tatu aliyekuja amechelewa. Tulipewa fomu yenye nafasi moja iliyoandikwa kimo kwa mita. Mwenye tarakimu kubwa ndiye mshindi, na shule yake ingeendelea hadi mashindano ya taifa Nairobi.

Timu ya Kamukuywa ilikuwa na wanafunzi watano. Kiongozi wao alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye aliwaamuru wenzake kama sajini. Roketi yao ilikuwa chupa mbili zilizounganishwa, na mapezi yake yalikatwa kutoka kifuniko cha ndoo. Kando ya kichwa chake walikuwa wametoboa kitundu kwa sindano ya kushonea magodoro, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje na altimita isidanganyike. Walipiga pampu hadi mikono ikatetemeka. Ikaachiliwa. Uwanja ule ulipakana na mikaratusi mirefu, na sote tuliishuhudia ile chupa ikiipita mikaratusi ile, ikapanda bado, ikameta kwenye jua, ikasimama kidogo kama inayofikiri, kisha ikageuka na kuanza kurudi. "Wueh! Imeenda!" wanafunzi walipiga kelele. Mwalimu alikimbia akaiokota, akaweka altimita sikioni, halafu akaisogeza kwenye sikio la yule msichana ili ahesabu mwenyewe. Milio saba, kimya, mlio mmoja. "Sabini na moja!" alipaza sauti. "Mita sabini na moja!" Nikaandika sabini na moja.

Ikafuata timu ya shule moja ya pale pale Kitale. Roketi yao ilikuwa kubwa na imepakwa rangi nzuri. Hawakuwa na altimita. Mwalimu wao, kijana mwenye bidii, alikuwa ameazima saa ya mkononi ya mtu wa Endebess anayewaongoza wageni kupanda Mlima Elgon, saa ambayo huweka kumbukumbu ya mahali pa juu kabisa ilipofika. Wakaifunga ndani ya chupa. Roketi ikaruka vizuri, lakini ilikuwa nzito. Ilifika kwenye matawi ya juu ya mikaratusi, haikuyapita, ikainama na kuanguka. Ofisa akaichukua ile saa, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akasoma kwa sauti iliyosikika uwanja mzima: "Elfu moja, mia tisa, thelathini na nane!" Halafu watu wakashangilia. Aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba chupa ya soda imeruka karibu kilomita mbili katika ardhi ya Kitale, na wazazi wakapiga vigelegele.

Mwalimu alikuja mezani kwetu polepole. Aliuliza swali moja. "Mheshimiwa, kabla haijarushwa, ile saa ilikuwa inasoma ngapi?"

"Mwalimu, usilete maneno," ofisa akamwambia, akitabasamu kwa ajili ya waliokuwa karibu. "Sisi hapa tunasoma kile chombo kimeandika. Chako kimeandika sabini na moja, si ndiyo? Na hiki kimeandika elfu moja mia tisa na kitu. Sasa wewe unataka hesabu gani ingine?"

"Kitale yenyewe iko juu ya bahari karibu mita elfu moja na mia tisa. Hiyo saa inahesabu kutoka baharini. Hata ukiilaza hapa kwenye nyasi itasema hivyo. Tuilaze tu, dakika moja."

"Ati bahari? Bahari iko Mombasa, bana! Hapa ni Kitale." Watu wakaangua kicheko. Hapo yule msichana akajitokeza nyuma ya mwalimu wake, akanitazama mimi, si ofisa. "Mzee, samahani. Si sote tuliona? Yetu imepita hiyo miti. Yao haijapita. Si na wewe uliona?"

Niliona. Msomaji wangu, niliona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini wingu lilikuwa limetanda kutoka upande wa mlima, chakula kilikuwa tayari, magari yalikuwa yakingojwa, na watu wa Kitale walikuwa wamefurahi. Nilijiambia kwamba ni mchezo wa watoto, kwamba si vizuri watu wa kaunti mbili jirani wagombane kwa ajili ya chupa, kwamba mwenye hekima huepusha ugomvi. Nikamwambia yule msichana, "Binti yangu, katika mashindano kuna kushindwa. Kubali kwa moyo mwema." Nikaisogeza fomu, nikatia sahihi yangu chini ya ile elfu moja mia tisa thelathini na nane. Nilifunga kwa maombi. Nilimshukuru Mungu kwa siku njema.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alikuja nyumbani kwangu Bungoma. Alikuwa amesafiri hadi Endebess, akamtafuta yule mwenye saa, akamwomba amsindikize hadi kwenye uwanja ule ule, wakailaza saa kwenye nyasi. Aliniletea daftari. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake safi: saa ikiwa chini, bila kuruka, mita elfu moja mia nane na tisini. Mshindi alikuwa ameruka mita arobaini na nane. Aliongeza, kwa ule uaminifu wake uliowachosha watu, kwamba hewa hubadilika siku hadi siku na kwa hiyo huenda hesabu ikapungua au ikazidi kwa mita kadhaa, lakini haiwezi kukosea kwa kilomita. Kisha akaweka kikombe chake juu ya meza yangu akaniuliza, "Mzee, ukipima urefu wa kikombe hiki, utaanzia mezani au sakafuni?" Nikasema mezani. "Basi wao walianzia sakafuni, meza wakaihesabu kuwa kikombe."

Nilielewa siku ile ile. Sitajificha nyuma ya uzee wangu. Nilielewa kabla hajamaliza chai. Akaniambia, "Sitaki mtu aaibishwe, na safari ya Nairobi iwaendee tu. Nataka barua moja kutoka kwako, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa mwenyekiti. Useme waamuzi walisoma vibaya. Watoto waione imeandikwa. Wanadhani wao ndio hawakuona." Nikamshika mkono nikasema, "Vuta subira, Mwalimu. Nitaandika."

Nimefundisha subira kanisani kwa miaka zaidi ya thelathini. Naijua sura kwa sura. Naweza kukueleza inavyomkomaza mwamini na inavyompendeza Mungu. Kumbe kuna kitu kingine kinachofanana nayo kwa nje kama pacha, na nimekilea nyumbani kwangu muda wote huo nikikiita subira. Mwezi wa kwanza nilingoja shughuli za mitihani zipite. Baadaye yule ofisa alipandishwa cheo, nikaona kwamba barua yangu ingeonekana kama wivu wa mstaafu. Kisha ikawa imepita muda mrefu, nikaona kwamba itashangaza kuiandika wakati huo. Kanisani nilimkwepa Mwalimu, lakini nje ya kanisa tulikutana mara mbili. Ya kwanza ilikuwa sokoni Kamukuywa. "Mzee, ile barua?" Nikamjibu iko njiani. Barua ambayo sikuwa nimeandika hata tarehe yake, nikasema iko njiani, na mfukoni nilikuwa na Biblia. Ya pili ilikuwa kwenye mazishi ya jirani, Bungoma. Hakuuliza. Alinisalimia kwa mikono miwili, akasubiri kidogo kama alivyokuwa akiisubiri sindano ya mizani, halafu akaondoka.

Kumbe katika miaka hiyo yeye alikuwa akilipia kusubiri kwangu. Mkuu wa shule yake alikivunja chama, akisema hakuna haja ya kutunza chama kilichoshindwa kwa zaidi ya mita elfu moja na mia nane, na chumba chao kikawekwa ngoma na mipira. Watu walimpa jina. Waendesha bodaboda wa Kamukuywa walipomwona akipita walipiga honi: "Sabini na Moja! Leo umefika wapi, bana?" Hata watoto wa shule za msingi walilijua jina hilo. Nilimsikia mtu akimwita hivyo mbele yangu, nikatabasamu kidogo, kama mtu mzima anavyotabasamu utani unapopigwa. Alikuwa akiitwa kwa tarakimu ya kweli, ya heshima, ambayo aliihakikisha mwenyewe, na ilikuwa imegeuzwa kuwa tusi kwa sahihi yangu.

Nimefikiri sana wiki hii kuhusu ile saa ya Endebess. Haikuwa mbovu. Ilisema kweli ya namna yake, na yule kijana wa Kitale aliyeiazima hakuwa mwizi. Ubaya ulikuwa ndani yetu sisi tuliokuwa na macho na tukakubali kufundishwa na karatasi kwamba hatukuona. Na naona kwamba ndivyo tunavyopimana katika nchi hii. Mtu akizaliwa juu ya kilima cha baba mwenye cheo, akaruka kidogo, tunamwandikia kilima na mruko pamoja, tunampigia makofi na kumpa kipaza sauti. Mwingine anaanzia sifuri, pale pale alipoiweka miguu yake, anaruka akawapita wote, nasi tunamwuliza kwa nini tarakimu yake ni ndogo. Tunafanya hivyo maofisini tunapoajiri, tunafanya hivyo tunapopiga kura, na inaniuma kukiri kwamba tunafanya hivyo kanisani tunapochagua wa kuketi viti vya mbele. Halafu anayeomba tuilaze saa kwenye nyasi kwa dakika moja tu anaitwa mtu wa maneno.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake Kamukuywa. Watu walikuwa wengi kuliko waliowahi kumsikiliza akiwa hai. Yule ofisa alikuja pia, sasa akiwa mkubwa zaidi, akapewa nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikuwa mwanasayansi shupavu aliyeifanya Bungoma ijulikane. Alisema, "Mimi nilikuwepo, kwa macho yangu, siku alirusha roketi ikaenda karibu kilomita mbili!" Watu wakapiga makofi. Wale wale waliompigia honi walipiga makofi. Alikuwa amesahau hata ni nani aliyeshinda. Katika kumbukumbu yake tarakimu ilibaki, mwenye tarakimu akapotea, akamvika nayo mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa ndani ya jeneza. Uongo ambao Mwalimu aliukataa akiwa hai, tukauzika pamoja naye kama zawadi.

Kisha nikaitwa mimi, mzee wa kanisa, nifunge kwa maombi. Nilishika kipaza sauti. Mjane wake alikuwa ameketi hatua tano mbele yangu, ameinua uso. Ningeweza kusema sentensi moja kabla ya kusali. Kwetu haifai kumsahihisha mtu kwenye mazishi, na desturi hiyo ilinikumbatia kama rafiki. Nikafumba macho nikasali, sala nzuri, ndefu, yenye mpangilio. Watu wakaitikia amina. Nilipofumbua macho, mjane alikuwa ameinamisha uso.

Nilipokuwa nikielekea kwenye gari, mwanamke kijana alinifuata. Nilimtambua kwa sauti ile ya kukwaruza kabla sijamtambua kwa sura. Anaishi Malakisi sasa, ameolewa huko, wanalima tumbaku. Alinisalimia kwa adabu zote anazostahili mzee. Nikamwambia nasikitika kwamba hakuendelea na masomo ya sayansi, kwa maana alikuwa hodari. Akasema, "Ningeendelea kufanya nini, Mzee? Siku ile nilikuuliza kama uliona. Ukaniambia nikubali kwa moyo mwema. Nikakubali." Nikamwambia nilikuwa nikipanga kuandika. Akaangalia kaburi, ambapo vijana walikuwa wakimalizia kusawazisha udongo, akasema, "Mwalimu alituambia hivyo kila muhula. Ati mzee ni mtu wa Mungu, hawezi kusema ataandika halafu asiandike." Hakusema kwa hasira. Ningeipokea hasira. Alinitakia safari njema, akaondoka.

Basi naandika. Mimi niliyekuwa mwenyekiti wa waamuzi siku ile Kitale nasema kwamba tulisoma vibaya. Roketi ya wanafunzi wa Kamukuywa ilipanda mita sabini na moja kutoka ardhini. Iliyopewa ushindi ilipanda mita arobaini na nane au karibu na hapo. Niliziona zote mbili kwa macho yangu, nikatia sahihi kinyume cha macho yangu. Wanafunzi wale watano, popote mlipo, mliona sawasawa. Barua yenye maneno haya haya nimeipeleka mwenyewe ofisi ya elimu Jumatatu, nikaipeleka nyingine kwa mkuu wa shule, na ya tatu nimempa mjane mkononi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaikunja, akasema, "Asante, Mzee. Imefika." Hakunikaribisha ndani, na sikustahili kukaribishwa.

Funzo nililolipata ni chungu, nami nalitoa kama nilivyolipata. Subira ni mali ya anayeumia. Yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuivuta. Ukiwa wewe ndiwe uliyeshika kalamu na mwingine ndiye anayengoja, usimhubirie subira, maana kila siku unayoongeza inatoka katika maisha yake na wala si katika yako, na hujui amebakiwa na siku ngapi. Kama kuna neno la kweli unalodaiwa na mtu leo, hata liwe dogo kiasi gani, hata liwe la chupa ya soda, mpelekee angali anaweza kulisikia.

Na wewe unayesoma, Mungu akubariki mahali ulipo. Akupe macho yanayoona na kinywa kinachokiri yaliyoonekana. Awape wanaokungojea maisha marefu kuliko kuchelewa kwako, na siku utakapopimwa naye, akupime kwa rehema. Amina.